Kidonda Kidogo, Madhara Makubwa: Fundi Aliyepigwa na Umeme wa Kiwandani

Fundi anayetafuta hitilafu katika mota, kabati la swichi au transfoma hukabiliwa na hatari moja kuu: kuamini kwamba mtambo umezimwa ilhali ungali na umeme. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Chanzo cha umeme hutenganishwa, hufungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hukaa na fundi mwenyewe, na kibao cha onyo hutundikwa. Kipima umeme hujaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha hupima mtambo, halafu hujaribiwa tena, kwa maana kipimo kibovu husoma sifuri popote. Kapasita nazo huhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa. Sharti ziondolewe chaji kabla ya kuguswa.

Ajali ikitokea, majeruhi asiguswe kabla umeme haujakatwa. Kwa nyaya za msongo mkubwa, kama zile za volti 11,000, fimbo kavu si kinga. Kaeni mbali hadi wahusika wakate umeme. Mahali pakiwa salama, majeruhi asiye na fahamu wala pumzi akandamizwe kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwetu watumishi wa afya, ukubwa wa kidonda cha ngozi usitudanganye. Umeme hupita katika misuli, neva na mishipa ya damu, na kuunguza ndani pasipoonekana. Misuli iliyokufa humwaga myoglobini katika damu, nayo hudhuru figo. Mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea ni onyo: mtu mzima apewe maji ya mshipa hadi atoe mkojo wa mililita 75 hadi 100 kwa saa. Mkono uliovimba na kukakamaa, wenye maumivu makali vidole vinaponyooshwa, unahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, la sivyo huenda ukakatwa. Kila majeruhi apimwe mwenendo wa umeme wa moyo.

Nawe uliyepigwa na umeme, usiseme "nipo salama" kwa sababu tu unatembea. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, ueleze ukubwa wa volti, mahali umeme ulipoingilia, na kama ulipoteza fahamu. Hata baada ya kupona, macho yakianza kufifia miezi kadhaa baadaye, rudi upimwe: mtoto wa jicho huweza kutokana na ajali ile ile.