Istilahi za Damu: Mwako, Chembe Sahani na Saitokini

Wafasiri wa maandishi ya tiba hutatizwa na neno 'uvimbe', kwani limebeba dhana mbili: donge linaloota mwilini, na wekundu, joto na maumivu yanayozuka mwili unapopambana na vijidudu au jeraha. Kwa dhana ya pili tunapendekeza 'mwako'; neno la Kilatini lililozaa istilahi za Ulaya nalo lina maana ya kuwasha moto.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyoziba jeraha. Kwa kawaida, mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Hutokana na seli kubwa za uboho, zikichochewa na trombopoietini itengenezwayo hasa na ini. Chembe sahani zenyewe huinasa trombopoietini. Zikipungua, nyingi hubaki huru, na uzalishaji hupanda. Wakati wa mwako, interlukini-6 hulihimiza ini kuongeza trombopoietini. Hivyo chembe sahani huzidi ingawa uboho hauna ugonjwa.

Interlukini-6 ni mojawapo ya saitokini, yaani protini zinazopeleka ujumbe baina ya seli. Tumelitohoa neno hili kwa kuwa 'homoni' tayari ina dhana yake.

Basi mfasiri akiandika kuwa chembe sahani zimezidi 'kwa sababu ya uvimbe', mgonjwa aweza kudhani ana saratani. Akiandika 'mwako' na kuueleza, ataeleweka.