Uchu: Maana na Matumizi Yake (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza neno tamaa, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu na kulipanua hata likabeba pia maana ya tumaini, ndiyo sababu aliyekata tamaa ni mtu aliyepoteza matumaini, wala si mtu aliyeridhika. Neno uchu halina upana huo. Makazi yake ya asili ni mezani: uchu ni hamu kali ya kitoweo, hasa nyama au samaki, inayomshika mtu aliyekula ugali kwa mboga ileile siku nyingi, na kwa hiyo mwenye uchu si lazima awe na njaa, kwa kuwa njaa hutulizwa na chakula chochote ilhali uchu huchagua.

Uchu una jamaa wanaokaribiana nao, na mwandishi makini hana budi kuwatenganisha. Mlafi hutambuliwa kwa wingi wa anachokula na mwenye pupa kwa haraka yake, lakini mwenye uchu anaweza kuwa hajagusa kitu, macho yake tu yako chunguni. Shauku nayo ni hamu kubwa, ila haina lawama, na mtu huweza kusifiwa kwa shauku ya elimu. Kisarufi, uchu hauna wingi. Mtu huwa na uchu, hushikwa na uchu, au hutiwa uchu na harufu ya nyama inayochomwa.

Magazeti yamelitoa neno hili jikoni na kulipeleka penye mamlaka na mali, na leo uchu wa madaraka na uchu wa ardhi ni semi za kila siku. Uhamisho huo unafaa, maadamu sharti la asili linalindwa, yaani kwamba anayesemwa amekwisha shiba na bado anatazama chungu. Katika Kaunti ya Kajiado, tangu Kitengela iliyo karibu na Nairobi hadi Illasit inayopakana na Tarakea ya Tanzania, sharti hilo husahauliwa mara nyingi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Wamaasai wa huko iliandikishwa kuwa ranchi za vikundi, yaani malisho yanayomilikiwa kwa pamoja na wanachama waliosajiliwa, chini ya sheria ya mwaka 1968, kisha nyingi zikagawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja kuanzia miaka ya 1980, na madalali wakafuata. Mfugaji anapouza ekari chache, haraka husemwa kwamba ameponzwa na uchu wa fedha.

Usemi huo ni wa kukosea na tena ni wa kuonea. Mtu anayeuza ili alipe karo au bili ya hospitali, au kwa sababu ukame kama ule wa 2009 umemmalizia ng'ombe, ana haja, na haja kali huitwa dhiki. Kulikostahili neno uchu ni kwingine. Esther Mwangi, mtafiti aliyechunguza kugawanywa kwa ranchi za Kajiado, alionyesha kwamba wanakamati wa ranchi hizo na watu wao wa karibu walielekea kupata vipande vikubwa kuliko wanachama wa kawaida. Naye mnunuzi mwenye mashamba mengi yasiyolimwa wala kulishwa mifugo, anayeongeza jingine ili tu asubiri bei ipande, ndiye hasa mwenye uchu wa ardhi. Kumpa muuzaji maskini jina linalomfaa mnunuzi huyo ni kugeuza dhiki kuwa aibu.

Wahariri na watangazaji wanaombwa basi, kabla ya kuandika kwamba fulani ana uchu, wajiulize kama amekwisha kula. Sehemu ya tatu itaeleza uroho na tofauti yake na uchoyo.