Nilivyomkunja kinyozi wangu mkono Elgon View

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Kisha mwenzangu akapiga kelele, “Wacha, wacha, wacha!” na mimi, badala ya kuachilia papo hapo, nikapoteza nusu sekunde nikishangaa kwamba kile kitu kimefanya kazi kweli. Nusu sekunde hiyo ilimgharimu wiki tatu za kazi.

Tulikuwa kwenye gereji ya nyumba moja mtaani Elgon View, hapa Eldoret. Kama unaijua Elgon View, unajua ni mtaa wa mageti marefu, miti mikubwa na mbwa wasiopenda wageni. Si mahali ungetarajia kukuta vijana kama kumi hivi wakigaragazana sakafuni Jumanne jioni, baridi ikianza kuuma. Mwenye nyumba huondoa gari, tunatandika mikeka ya mazoezi, na kocha wetu, aliyejifunzia judo na jujitsu ya Brazil Nairobi kabla ya kurudi nyumbani, anatufundisha mara mbili kwa wiki. Wanaokuja ni mchanganyiko: dada mmoja anayesomea uuguzi, wanabodaboda wawili, mwalimu wa shule ya msingi, mimi, na kinyozi kutoka Langas ambaye amenikata nywele tangu nikiwa Kidato cha Tatu.

Huu ni mji wa miguu. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba unafanya mazoezi, atakuuliza unakimbia mita ngapi. Ukimjibu kwamba unajifunza kukunja mikono ya watu anakutazama kama umechanganyikiwa.

Nilikuwa na miezi minne ya mazoezi na mkanda mweupe. Kocha hakuwa ametufundisha kufunga kifundo cha mkono. Nilikuwa nimeiona kwenye simu usiku uliotangulia, video ya dakika mbili, jamaa anamkunja mwenzake mkono huku akitabasamu, mwenzake anagonga mkeka, basi. Ilionekana rahisi. Na kusema kweli ni rahisi, shida ndiyo hiyo.

Kwa asiyejua, kugonga ndiyo lugha ya mchezo huu. Ukibanwa, unampigapiga mwenzako au mkeka mara mbili, maana yake nimekubali, niachie. Mtu akikuvuta kiwiko, una muda wa kuitumia lugha hiyo: kwanza unahisi kubanwa, kisha kuvutika, kisha maumivu, na bado kuna nafasi kidogo kabla ya kuumia. Kifundo hakikupi nafasi hiyo. Maumivu na jeraha hufika karibu pamoja.

Dada wetu wa uuguzi alitueleza sababu vizuri kuliko video yoyote. Kifundo si kiungo kimoja. Kina mifupa midogo 8 iliyopangwa kwa safu mbili, kati ya kiganja na mifupa miwili ya mkono, na yote inashikiliwa na kano nyembamba. Misuli inayokiendesha iko huko juu karibu na kiwiko, kwa hivyo pale penyewe hakuna nyama ya kukilinda. Kwa watu wengi mkono hukunjika kuelekea ndani kwa takriban nyuzi 80, na nyuma karibu 70. Ukipita hapo, kano ndizo zinazolipa.

Ndiyo maana michezo yenyewe haijawahi kukubaliana kuhusu jambo hili. Judo, iliyoanzishwa na Kano Jigoro jijini Tokyo mwaka wa 1882, hairuhusu kabisa kufunga kifundo mashindanoni. Kiungo pekee unachoruhusiwa kufunga ni kiwiko. Aikido ya Morihei Ueshiba ilichukua njia nyingine: sehemu kubwa ya mafunzo yake inahusu kifundo, kwa kukigeuza nje, kukisokota ndani, kukiinua juu. Mbinu kama kote gaeshi na nikyo huwa zinarudiwa miaka na miaka, lakini kwa utaratibu ambao kila mtu anajua kinachokuja. Jujitsu ya Brazil, ambayo mizizi yake ni Mjapani Mitsuyo Maeda aliyefika Brazil mwaka wa 1914, iko katikati. Shirikisho lake kubwa la mashindano, IBJJF, halimruhusu mtu wa mkanda mweupe kutumia mbinu hii. Lazima ufike mkanda wa buluu kwanza.

Wabrazil wenyewe huiita mão de vaca, yaani mkono wa ng'ombe, kwa sababu mkono uliokunjwa hufanana na kwato. Kwao, mkono wa ng'ombe pia ni mtu mchoyo. Nilicheka niliposikia hivyo, maana sisi mchoyo tunamwita mkono wa birika, na ukiutazama mkono uliofungwa vizuri, birika ndiyo hiyo, mdomo wake umeinama.

Siku ile hata hivyo hakuna aliyecheka. Kinyozi aliketi ukutani, mkono wa kulia kifuani. “Msee, hii mkono ndiyo inanilipia nyumba,” akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Tulimpeleka hospitali kesho yake asubuhi. Daktari alimbonyeza kwenye kibonde kile kidogo kilicho chini ya kidole gumba, akaangalia uso wake, kisha akaagiza eksirei. Nilikuja kujua baadaye alikuwa anatafuta nini. Pale ndani kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi, ambao damu huufikia kwa shida. Ukivunjika na usitibiwe, sehemu yake inaweza kufa, na picha ya kwanza isionyeshe kitu. Ndiyo maana alitakiwa kurudi baada ya siku kumi hivi. Kwa bahati ilikuwa kano tu zilizovutika. Lakini “tu” ni neno la mtu ambaye mkono wake ni mzima. Kinyozi hawezi kushika mashine kwa dakika 20 mfululizo akiwa na kano zilizovutika. Ilibidi amwachie kijana mwingine kiti, wagawane pesa. Nilimlipia eksirei, na Jumamosi zote tatu nilienda Langas kufagia nywele na kupasha maji moto. Wateja waliuliza mkono umefanya nini, naye akawa anajibu, “Muulize huyu.”

Kocha hakunifukuza. Alinipa adhabu ambayo naona ndiyo iliyonifundisha: kwa wiki mbili, kazi yangu ikawa kukunjwa. Kila mwanafunzi alinifunga kifundo polepole, nami niliambiwa nitaje kwa sauti ninachohisi. Hapa hakuna kitu. Hapa pamebana. Hapa, simama. Nilishangaa kuona umbali kati ya “hakuna kitu” na “simama” hautoshi hata upana wa kidole. Nilijifunza pia kugonga kwa mdomo, kwa sababu mara nyingi mkono mmoja umefungwa na mwingine umelaliwa. Siku hizi gerejini kwetu neno “basi” lina uzito sawa na kugonga mkeka mara mbili.

Halafu ndipo akanifundisha mbinu yenyewe. Kosa langu, alisema, lilikuwa kudhani kifundo hukunjwa kwa nguvu za vidole. Kinachofungwa kwanza ni kiwiko. Kiwiko kikiwa huru, mtu anainua bega na kutoka, nawe unabaki ukivuta hewa, na hapo ndipo unaposhikwa na tamaa ya kukaza kwa ghafla. Kiwiko kikibanwa kifuani mwako, mkono hauna pa kwenda. Unafunika mgongo wa kiganja chake kwa viganja vyako viwili, unatulia, kisha unasogeza kifua, si mikono. Mwendo ni kama wa mtu anayesukuma mlango ambao mtoto amelala nyuma yake.

Na nafasi haitafutwi, inaletwa. Mtu aliye juu yako anapokusukuma kifua kwa kiganja, tayari amekukabidhi mkono. Anayeng'ang'ania kola ya koti lako vivyo hivyo. Nafasi ninayoipenda mimi ni ile ya mtu unayemvuta kiwiko naye akaifunga mikono yake pamoja ili kujiokoa: badala ya kupigana na mikono miwili, unakunja kifundo kimoja, na ngome inafunguka yenyewe. Atakayekwambia atakukimbiza na kukudaka kifundo hewani ametazama filamu nyingi.

Hilo lilituleta kwenye swali la dada wetu. “Kocha, na kama ni stendi usiku, mtu amenishika hapa?” Gereji ilinyamaza. Eneo hili lina sababu ya kunyamaza. Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa kwa kudungwa kisu nyumbani Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki hapa Eldoret Septemba 2024, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa.

Kocha hakumpamba. “Usimkunje. Toka.” Alimshika mkono akamwonyesha: mshiko wowote una mlango, nao ni pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Unaingia karibu naye hatua moja, unapeleka kiwiko chako kuelekea chake, mkono unachomoka upande wa gumba, unaondoka ukipiga kelele. Kufunga kifundo cha mtu mzito aliyelewa, mwenye jasho, anayevuta, ni kamari. Mbele ya kisu ni ujinga. Ukipigwa ngeta kutoka nyuma, hata usikumbuke kifundo. Ingiza kidevu, shika mkono wake kwa mikono yako yote miwili uvute chini upate kupumua. Na kwa mateso ya nyumbani hakuna mbinu ya mkekani. Kuna nambari 1195, haina malipo, iko wazi saa 24.

Mmoja wa wanabodaboda aliuliza kuhusu sheria, maana kazi yake ina ugomvi wa nauli kila siku. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaacha suala la kujikinga liamuliwe kwa misingi ya sheria za kimila za Uingereza: nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ya kadiri. Mteja aliyekataa kukulipa shilingi hamsini hajakupa ruhusa ya kumvunja mkono. “Hata akinitusi?” Hata akikutusi.

Kinyozi alirudi mazoezini wiki ya tano, kifundo kimefungwa kwa bandeji. Tulipopangwa wawili wawili, alikuja moja kwa moja kwangu akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Nilibana kiwiko, nikafunika kiganja, nikasogeza kifua kidogo. “Basi,” akasema mapema sana, kabla sijafika popote. Niliachia.

Jumamosi iliyofuata niliketi kwenye kiti chake Langas kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alinifunga shuka shingoni, akainua wembe kwa mkono wa kulia, akauweka chini ya sikio langu.

“Ukiumia,” akasema, “gonga.”