Soli ya Ndani na Goti la Askari

Raia humwona askari akiwa wima kwenye gwaride, naye hupendeza. Asichokiona raia ni miaka iliyo nyuma ya gwaride hilo: mbio za alfajiri, kwata, doria za miguu, lindo la usiku kucha, na safari ndefu chini ya uzito wa silaha na shanta. Mzigo wote huo hupita katika magoti mawili. Si ajabu, basi, kwamba uchunguzi wa kumbukumbu za jeshi la Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ambao madaktari huuita ostioathritisi, huwapata wanajeshi kwa wingi kuliko raia wa rika lao.

Askari mwenye goti bovu huwa baina ya hofu mbili. Akisema, huenda akaambiwa anatega kazi. Akinyamaza, anazidi kuumia. Ndipo wengi huamua kujitibu kimya kimya, na tiba iliyo karibu ni soli ya ndani ya kiatu, ama ya kununua dukani kwa fedha nyingi, ama kipande cha mpira kilichochongwa na fundi viatu. Soli hutiwa ndani ya buti, mkuu wa kikosi haioni, na kazi inaendelea. Yafaa kuuliza soli hiyo inafanya nini hasa.

Goti ni bawaba inayounganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, ambalo ni gumu lakini lenye utelezi, ili mfupa usisugue mfupa. Katika kutembea, kila hatua ina wakati ambapo mwili mzima unabebwa na mguu mmoja. Kwa kuwa kiwiliwili kipo katikati na mguu huo upo pembeni, nguvu ya ardhi inayousukuma mguu kwenda juu haipiti katikati ya goti, bali hupita upande wake wa ndani. Goti hutaka kupinda kwa nje, mfano wa matege, na upande wa ndani ndio unaobanwa zaidi. Hii ndiyo sababu kwa wagonjwa wengi gegedu la upande wa ndani huanza kuisha kabla ya lile la nje. Ni sawa na lori lililopakiwa mzigo upande mmoja, ambalo tairi za upande huo huchakaa mapema. Aliyezaliwa na matege ana taabu zaidi. Tena maumivu yenyewe huharibu mwendo: mgonjwa hulikaza goti anapokanyaga badala ya kulikunja kidogo, na kwa kufanya hivyo hupoteza ile springi ya asili ambayo ingepunguza kishindo cha hatua.

Mwaka 1987 madaktari wawili wa Japani, Yasuda na Sasaki, walichapisha taarifa juu ya soli ya ndani yenye umbo la kabari, yaani nene katika ukingo wa nje na nyembamba katika ukingo wa ndani. Hoja yao ilikuwa ya kifundi na yenye akili. Unyayo ukiinuliwa kidogo upande wa nje, mahali ardhi inaposukumia husogea nje pia, nguvu hiyo hupita karibu zaidi na katikati ya goti, na upande wa ndani hupata nafuu. Vipimo vya maabara vilivyofanywa baadaye, kwa kamera na kwa mizani zilizofukiwa sakafuni, vimethibitisha kwamba nguvu ya kulipinda goti hupungua kweli, kwa kawaida kwa takriban asilimia 5 au 6. Basi wauzaji hawasemi uongo wanaposema kwamba soli hubadili mwendo wa goti.

Lakini mgonjwa haendi kwa daktari kwa sababu ya asilimia 5. Huenda kwa sababu ya maumivu, na hapo ndipo hesabu ilipogoma. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 200 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Baadhi yao walivaa soli za kabari zenye mwinamo wa nyuzi 5, wengine soli bapa za kawaida, kwa miezi 12. Maumivu hayakutofautiana, wala kuchakaa kwa gegedu. Mwaka 2013 majaribio 12 yenye watu 885 yalipitiwa kwa pamoja, nayo yakaonyesha kwamba kabari ikilinganishwa na soli bapa haina faida ya kuonekana katika kupunguza maumivu. Nafuu kubwa ilionekana pale tu ambapo upande wa pili haukupewa soli yoyote, na kila mtu ajua jinsi matumaini yanavyoweza kutuliza maumivu kwa muda.

Haki yasemwe pia. Jaribio la Uingereza la mwaka 2019 liliwapima watu kwanza, likawaacha kando wale ambao kabari haikupunguza mzigo wa goti lao, nao walikuwa kama robo. Waliobaki walipata nafuu, ingawa ilikuwa ndogo. Maana yake ni kwamba soli hufaa baadhi ya watu, lakini kuwatambua kunahitaji vipimo ambavyo havipo kwa fundi viatu.

Kuhusu soli laini za kupunguza kishindo, ambazo vijana wa mafunzo huzipenda, jeshi la anga la Uingereza lilizijaribu kwa makuruta 1,205, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walioumia miguu kwa kuvaa soli hizo hawakuwa wachache kuliko waliovaa soli za kawaida.

Kinachosaidia goti hakiuzwi dukani. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 haukupendekeza soli za kabari, bali uliweka mbele mazoezi, kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, na mkongojo. Misuli ya mbele ya paja ikiwa na nguvu, hupokea kishindo badala ya mfupa; kukaa kitini na kunyosha mguu polepole, kuinuka kitini bila kushika kitu na kuendesha baiskeli ni mazoezi yanayowezekana katika kambi yoyote. Kwa mwenye mwili mzito, kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Hakuna kabari inayofikia hapo.

Maofisa nao wana sehemu yao. Askari anayechechemea akipelekwa kwa mganga wa kikosi mapema, na kupunguziwa mbio kwa majuma machache huku akifanya mazoezi ya paja, hubaki kazini. Anayedhaniwa mtegaji huishia kufichama na soli yake hadi goti livimbe au likwame, na wakati huo kikosi kimekwisha kumpoteza.

Ama mkongojo, wapo wastaafu wengi wanaoutumia, na wengi wao huushika upande wa goti linalouma. Hushikwa mkono wa upande wa pili, nao husogezwa mbele pamoja na mguu mgonjwa.