Pasipoti ya Kielektroniki na Mpaka wa Holili

Wanaparokia wengi wa Rombo na Holili huvuka kwenda Taveta kwa biashara na kuwaona ndugu. Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja cha mpaka: anayeingia Kenya hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa Taveta.

Januari 2018 Serikali ilizindua pasipoti ya kielektroniki, yenye chipu inayohifadhi picha na taarifa za mwenyewe. Ada iliwekwa shilingi 150,000, na mwombaji hutakiwa kuwa na Kitambulisho cha Taifa. Hapo ndipo wanyonge hukwama: mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, au mkulima aliyesuguliwa vidole na jembe hadi alama hazisomeki.

Kamati za parokia ziwatambue hao mapema na kuwasindikiza kujiandikisha.