Laptopu ya Ex-UK na Windows 11: Kulazimisha au Kuhama?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga rasmi huduma ya kawaida ya Windows 10. Kuanzia hapo kompyuta nyingi zinazowaka vizuri kila asubuhi Likoni, Kisauni na Changamwe mjini Mombasa zimebaki na mfumo endeshi usio na mlinzi, kwa sababu mfumo unaofuata, Windows 11, unazikataa.

Sababu ya kukataliwa si udhaifu. Chukua HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, aina inayopatikana sana miongoni mwa laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Inafungua tovuti za serikali za iTax na eCitizen bila taabu. Lakini prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Inataka pia TPM 2.0, yaani chipu inayohifadhi funguo za siri za kompyuta, na Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyoaminika kujipenyeza wakati mashine inawaka.

Je, yaweza kulazimishwa? Yaweza. Programu ya bure iitwayo Rufus, iliyoandikwa na Pete Batard, hutengeneza flashi ya kusakinishia Windows 11 na hukupa nafasi ya kuondoa masharti ya TPM 2.0, Secure Boot na RAM ya GB 4. Flashi ya GB 8 au zaidi inatosha. Kabla ya kuigusa mashine, nakili picha, vyeti na hesabu zako zote kwenye diski ya nje, kisha ufungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza. Mabadiliko hayo utayahisi kuliko yote.

Kuna mashine ambazo hata Rufus haizisaidii. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 inahitaji amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT. Prosesa za Core 2 Duo hazina amri hizo, kwa hiyo toleo hilo halitawaka kwazo kabisa.

Kwa zile zinazokubali, kazi haiishii siku ya kusakinisha. Microsoft imeeleza wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho. Ya kila mwezi yamekuwa yakifika, lakini toleo jipya la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe: ni lazima fundi alipandishe tena kwa mkono.

Masasisho hayo ndiyo kiini cha jambo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Kasoro kiliyopitia ilikuwa imekwisha kuzibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa.

Mwenye saiba, yaani duka la huduma za intaneti, ana jukumu zaidi. Kompyuta yake hupitisha nambari za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya wateja kutwa nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Windows 11 ya kulazimishwa haimfai, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kuilinda.

Njia salama zipo. Kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 inaweza kuandikishwa katika mpango wa nyongeza wa masasisho hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukioanisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Biashara hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza.

Njia ya kudumu zaidi ni kuhamia Linux Mint. Ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 4, na toleo la 22 litasasishwa hadi 2029. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski: angalia Wi-Fi, printa na skana. Kama kazi yako inategemea faili za Excel zenye makro, kama zile za kujazia marejesho ya kodi, zijaribu hizo kwanza, maana LibreOffice haiziendeshi zote sawasawa.

Ushauri wangu ni huu: Windows 11 ya kulazimishwa iwe ya mashine yako binafsi, na uwe tayari kuihudumia. Mashine inayoshika taarifa za wengine ipewe mfumo wenye masasisho ya uhakika. Unapompelekea fundi laptopu, usimwambie tu, "Nitilie Windows 11." Muulize masasisho yatatoka wapi, na hadi mwaka gani.