Tangawisi inasaidia tumbo, lakini haiponyeshi mapafu



Kila asubuhi, posti ya usiku inapotoka, wenye kuuza tangawisi wako tayari njiani na chupa zao. Unanunua moja, unakunywa, kifua kinapata moto, unasikia nguvu. Muuzaji anakuambia kwamba inaponyesha kikohozi, malaria, maumivu ya mgongo, tena inaongeza nguvu ya mwanaume. Katika maneno hayo yote, ni lipi la kweli? Leo tuliangalie pamoja.

Tangawisi ni nini? Ile tunayoita mzizi ni shina la mmea linalolala ndani ya udongo. Ukali wake unatoka kwa kitu kinachoitwa jinjeroli. Ukikausha tangawisi, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ukiipika, sehemu nyingine inageuka kuwa zinjeroni, isiyo kali sana. Ndiyo sababu tangawisi mbichi, unga mkavu na ile ya ndani ya mchuzi hazina ladha moja.

Kwa kupata dawa yake, wataalamu wanasaga tangawisi kavu, wanailoweka katika alkoli, kiisha wanaondoa alkoli kwa moto. Kinachobaki ni mafuta mazito yenye ukali wote. Hayo wanaweza kuyapima kwa mizani na kuyatia ndani ya kapsuli.

Namna gani wanajua kama inasaidia? Wanagawanya wagonjwa katika makundi mawili. Kundi moja linapewa tangawisi, lingine linapewa kapsuli yenye sura ileile lakini haina tangawisi ndani. Mgonjwa hajui amepewa ipi. Kiisha wanalinganisha. Bila kufanya hivyo, kila mtu angesifu dawa yake, kwa maana magonjwa mengi madogo yanapona yenyewe.

Sasa sikia walichopata:

1. Kichefuchefu cha mama mwenye mimba. Katika Denmark, mwaka 1991, waganga walitangaza jaribio juu ya wanawake waliotapika sana wakiwa na mimba. Walipewa gramu 1 ya unga kwa siku, imegawanywa mara 4, na wengi wao walisikia nafuu. Mwaka 2004, katika Australia, wanawake 291 walijaribiwa: tangawisi ilisaidia sawasawa na vitamini B6. Hapa tangawisi imepata sifa yake kwa haki.

2. Kizunguzungu cha safari. Mwaka 1982, katika Marekani, wanafunzi 36 waliwekwa juu ya kiti chenye kuzunguka, macho yamefungwa. Waliokunywa unga wa tangawisi walivumilia kuliko wengine. Lakini majaribio mengine ya nyuma hayakuonyesha hivyo. Basi, unaweza kuijaribu kabla ya safari ya lori, lakini usiiwekee matumaini yote.

3. Maumivu ya magoti. Mwaka 2001, katika Marekani, watu zaidi ya 240 wenye magoti yaliyochakaa walijaribiwa kwa dawa iliyotolewa katika tangawisi. Maumivu yalipungua, lakini kidogo tu, na wengine walipata kiungulia. Goti linaloumia kwa sababu ya kubeba vitu vizito linahitaji kwanza namna nzuri ya kubeba.

Na malaria? Tangawisi haiponyeshi malaria. Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa damu siku ileile. Na nguvu ya mwanaume? Moto unaousikia kifuani si ushahidi wa kitu hicho.

Sasa tufike kwa neno lililonifanya niandike. Mfanyakazi mmoja alikohoa miezi miwili. Kila siku alikunywa tangawisi na asali. Koo lilitulia kidogo, naye akasema: «Ni vumbi tu, itapita.» Alipofika kwangu, nguo zake zilikuwa kubwa kwa mwili wake. Tulipima makohozi: kifua kikuu. Miezi hiyo miwili alikuwa akilala katika nyumba ndogo pamoja na bibi yake na watoto wanne. Wote ilipaswa kupimwa, na mtoto mmoja alipaswa kuanza dawa sawa baba yake.

Tangawisi haikumdhuru mtu huyu. Kilichomdhuru ni kungoja. Kinywaji cha moto kinatuliza koo, lakini hakiui mikrobi ya kifua kikuu, na hakiondoi vumbi la mawe lililoingia ndani ya mapafu. Tena jua neno hili: vumbi lenye silika linatia makovu katika mapafu, na mapafu yenye makovu hayo yanashikwa na kifua kikuu upesi zaidi. Makovu hayo hayana dawa ya kuyafuta. Dawa yake ni kabla: kumwagia mwamba maji wakati wa kutoboa, kuvaa maski inayoshika vizuri uso, na kutokimbia foto ya kifua unapoitwa.

Kwa matumizi ya nyumbani, shika mambo haya:

– Nusu ya kijiko kidogo cha unga mkavu ni karibu gramu 1. Kwa mama mwenye mimba, hiyo inatosha kwa siku nzima, na amwambie mkunga kwanza. Akitapika hata maji, aende hospitali bila kukawia.

– Osha tangawisi vizuri, na uchemshe maji. Maji mabichi ndani ya chupa ya tangawisi yanaweza kuleta kipindupindu na kuhara.

– Punguza sukari. Mwenye ugonjwa wa sukari asinywe ile tamu ya njiani.

– Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aiache kama inamchoma.

– Anayemeza kinini za kuzuia damu kuganda, au anayengoja kupasuliwa, amwambie munganga kama anatumia tangawisi nyingi.

Basi, mama, endelea kutia tangawisi katika chai na katika mchuzi wa samaki. Ni chakula kizuri. Lakini mtu wa nyumba yako akikohoa majuma mawili, au akikohoa damu hata siku moja, au akitoka jasho usiku na kukonda, usimtafutie chupa nyingine. Mwambie: «Baba watoto, kesho asubuhi twende pamoja dispanseri.» Kifua kikuu kinapona kwa kinini za miezi 6, zikimezwa zote bila kuruka siku. Anayekuja mapema anarudi kazini, na watoto wake wanabaki salama.